Sanjusangendo, Kyoto: waache kidogo Kannon elfu moja, watazame walinzi wa mbele

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake: kiingilio cha yen 600 nilicholipa Sanjusangendo, hekalu la Kibuddha, kimenilipa kuliko kiingilio kingine chochote cha Kyoto. Ila wengi wanaotoka mle ndani wanatoka wakisimulia idadi tu. "Sanamu elfu moja, bwana!" Ni kweli, zote za Kannon, mwenye huruma katika imani ya Kibuddha, tena ni 1,001 ukitaka hesabu kamili. Lakini kazi kubwa kuliko zote iliyomo mle haimo katika hizo elfu. Imo katika safu ya mbele, ile ambayo watu wanaipita wakinyoosha shingo kutazama nyuma yake.

Mimi ni seremala. Sanamu sizitazami kwa jicho la muumini wala la profesa; natazama kiungo kimefichwa wapi, nyuzi za mbao zinaelekea wapi, na fundi alianza kuchoka wapi. Kwa hiyo maoni haya yapokee hivyo, ni ya mtu wa patasi.

Jengo lenyewe ni ukumbi wa mbao wenye urefu wa mita 120 hivi, na mbele yake kuna nafasi 33 kati ya nguzo na nguzo, kwa kuwa Kannon husemwa hujitokeza kwa maumbo 33 ili kuokoa viumbe. Hekalu liliasisiwa 1164 kwa ajili ya mfalme mstaafu Go-Shirakawa, na aliyegharamia ujenzi ni Taira no Kiyomori, jemadari aliyekuwa na nguvu kuliko mtu yeyote mjini wakati huo. Liliungua 1249. Ukumbi tunaoingia leo ulikamilika 1266. Kutoka katika moto ule ziliokolewa sanamu 124 za mwanzo. Zilizobaki, karibu zote, zilichongwa upya na karakana kubwa za zama hizo, na baadhi yake bado zina jina la aliyezichonga.

Unavua viatu mlangoni (vaa soksi nzito ukija majira ya baridi, sakafu ya mbao haina huruma), unakata kona, na hapo ndipo kila mtu ananyamaza. Kannon wamesimama kwenye ngazi kumi, 500 upande huu na 500 upande ule, na katikati ameketi Kannon mkubwa. Dhahabu imefifia na kuwa rangi ya asali nzito. Wote ni Senju Kannon, yaani Kannon wa mikono elfu, kila mmoja ana kimo cha mtu mzima na vichwa vidogo vimepangwa juu ya kichwa chake hadi kutimia 11.

Sasa, mikono elfu kwa sanamu moja ni kazi ya kumuua fundi. Kuna waliojaribu: Kannon wa hekalu la Toshodaiji, Nara, wa karne ya 8, ana mikono 953 iliyosalia, na ukimtazama kwa pembeni unaona msitu wa vidole. Lakini kwa kawaida mafundi walitumia hesabu. Mikono miwili ya mbele imeunganishwa kifuani kwa sala, kisha mingine 40, na kila mmoja wa hiyo 40 unaokoa dunia 25. Zidisha mwenyewe. Kila mkono una chake: upanga, shoka, kamba, upinde, tasbihi, kioo, yungiyungi, gurudumu, duara la jua, duara la mwezi, hata fuvu la kichwa. Kila shida ya binadamu imetafutiwa kifaa. Unaposimama mbele ya mmoja wao na kuanza kusoma mkono baada ya mkono, unagundua hakuna kilichowekwa kwa ajili ya urembo.

Na hapo ndipo ninapotaka kufika. Katika sanaa ya Kibuddha ya Japani kuna kanuni ambayo mtu akiishaijua, nusu ya sanamu za Kyoto na Nara zinamfungukia: kadiri anayechongwa anavyopanda cheo, ndivyo fundi anavyofungwa mikono. Madaraja ni manne.

Juu kabisa wako Nyorai, Mabuddha wenyewe waliokwisha kuamka. Hawa hawana kitu. Vazi la mtawa, basi. Hakuna mkufu, hakuna bangili. Nywele ni vishungi vidogo vidogo vilivyojikunja, utosini kuna nundu ya hekima, na kati ya nyusi kuna nukta ambayo kwa kweli ni unywele mweupe uliojiviringisha. Anayevunja utaratibu ni Dainichi, anayevaa taji na vito kama mfalme. Wengine inabidi uwatambue kwa mikono: Yakushi, wa uponyaji, kwa kawaida ana kijungu cha dawa kiganjani, Amida, Buddha wa paradiso ya magharibi, huunganisha ncha za vidole kwa namna kadhaa, na kila namna ina maana yake. Fundi anayechonga Nyorai ana uhuru gani? Mdogo sana. Anabaki na mikunjo ya nguo na utulivu wa uso. Ndiyo maana mchongaji Jocho anaheshimiwa mno hadi leo: Amida wake wa 1053 katika ukumbi wa Feniksi wa hekalu la Byodoin, mji wa Uji, hana hila yoyote, na bado huwezi kuondoka mbele yake. Yeye pia ndiye anayetajwa kwa kuikomaza mbinu ya kuunga vipande vingi vya mti wa hinoki vilivyochimbwa ndani, badala ya kuchonga gogo moja. Gogo moja lenye kiini chake hupasuka likikauka, kila seremala anajua. Ukiliunga na kulitoboa ndani, linapumua, linakuwa jepesi, na watu kumi wanaweza kufanya kazi kwa wakati mmoja. Bila mbinu hiyo, hizo Kannon elfu zisingekuwepo.

Daraja la pili ni Bosatsu, ambao wangeweza kwenda zao lakini wamekawia ili kutusaidia sisi. Kannon yumo humu. Wamevaa kama wana wa mfalme wa India ya kale, kwa kuwa Buddha mwenyewe alikuwa mwana wa mfalme kabla ya kuacha yote: taji, mikufu, vikuku, kitambaa kinachoteleza begani. Kannon utamjua kwa Amida mdogo aliyekaa kwenye taji lake. Jizo peke yake ndiye aliyenyoa kichwa na kushika fimbo ya pete kama mtawa wa njiani, na ndiyo maana watu wanamwona kama jirani yao.

La tatu ni Myoo, wafalme wa hekima, na hapa fundi anaanza kupumua. Hawa ni wakali. Ndimi za moto mgongoni, chonge nje, silaha mikononi, maana kuna wanafunzi wasiosikia maneno laini. La nne ni Ten, miungu ya India iliyoingizwa kundini ikawa walinzi: Indra akawa Taishakuten, Brahma akawa Bonten, Sarasvati akawa Benzaiten na kinanda chake cha biwa. Humo mna majemadari wenye deraya, mazimwi, wazee, wanawake, ndege. Hapa fundi amefunguliwa kamba zote.

Sanjusangendo haina madaraja yote manne, kwa hiyo ushauri wangu ni kuanzia hekalu la Toji, upande wa kusini wa kituo cha treni cha Kyoto. Katika ukumbi wa mihadhara kuna sanamu 21 zilizopangwa kwa mpango wa mtawa Kukai na kuzinduliwa 839, miaka minne baada ya kufa kwake. Katikati Nyorai watano, kulia kwako unapowatazama Bosatsu watano, kushoto Myoo watano, pembeni Bonten na Taishakuten, na wafalme wanne wa mbingu wakilinda pembe. Ni mchoro wa mandala, yaani ramani ya ulimwengu wa Kibuddha, uliotolewa ukutani na kusimamishwa sakafuni. Nyorai wa kwanza waliungua 1486, hawa wa sasa ni wa baadaye, na inaonekana. Lakini Fudo Myoo ni yuleyule wa karne ya 9. Ameketi. Upanga mkono wa kulia wa kukatia ujinga, kamba mkono wa kushoto wa kuwavuta wakaidi, msuko mmoja wa nywele umeanguka begani upande wa kushoto. Macho yote mawili yamekodolewa. Fudo wa karne za baadaye utawakuta na jicho moja limefinywa, chonge moja juu na nyingine chini. Huyu wa Toji ni wa zamani kuliko mtindo huo. Jirani yake, Gozanze, Myoo mwenzake, anawakanyaga mume na mke, nao ni Shiva, mungu mkuu wa Wahindu, na mkewe. Hakuna aliyejaribu kuificha siasa hiyo.

Turudi Sanjusangendo. Mbele ya elfu wanasimama wafuasi 28 wa Kannon, na kwenye ncha mbili za safu, juu ya mawingu, mungu wa upepo na mungu wa radi. Hawa ndio wangu.

Nenda kwa Basu. Ni mzee mkavu anayetembelea fimbo, kifua kimebonyea, mbavu unazihesabu. Fundi amechonga ngozi iliyolegea juu ya mfupa kwa mbao tu, na pale chini ya koo kuna kishimo ambacho ningependa kujua alikipata kwa patasi ya upana gani. Kisha Mawara, bibi kizee aliyeunganisha viganja. Uso umesinyaa, lakini mikono haijasinyaa kwa kiwango kilekile, kama ilivyo kwa wanawake waliofanya kazi maisha yao yote. Hayo hayamo katika kanuni yoyote. Fundi alimwona mtu. Halafu kuna Karura, mwenye mdomo wa ndege na mabawa, anapiga filimbi, na utashangaa mdomo ule unapulizaje, lakini ukiwa mbele yake huulizi.

Macho ndiyo yanayowafanya watu warudi nyuma hatua moja. Mbinu yenyewe naieleza kwa kuwa haionekani kutoka pale unaposimama. Kichwa ni kitupu ndani. Fundi anaubandua uso wote kama kinyago, anatoboa matundu ya macho hadi yatokee upande wa pili, kisha kwa nyuma anapachika kipande chembamba cha fuwele kilichosuguliwa kwa mbinuko wa jicho. Mboni imechorwa upande wa ndani wa fuwele hiyo, mishipa myekundu ikiwa inatakiwa inatiwa kwenye pembe, nyuma yake inawekwa karatasi au pamba nyeupe, halafu kipande cha mbao kinashikilia yote kwa misumari ya mianzi. Uso unarudishwa mahali pake. Matokeo yake ni jicho lenye unyevu. Ukitembea, mwanga unatembea ndani yake. Mfano wa kwanza wenye tarehe inayojulikana ni wa 1151, Amida wa hekalu la Chogakuji huko Nara, na katika karne iliyofuata mafundi wa ukoo wa Kei wakaifanya kuwa kitu cha kawaida.

Ukoo huo ndio wa Unkei, aliyeshirikiana na Kaikei kusimamisha walinzi wawili wa lango la kusini la hekalu la Todaiji, Nara, mwaka 1203, kila mmoja zaidi ya mita nane, kwa siku 69. Nimewahi kuchelewesha kabati kwa muda mrefu kuliko huo, lakini hayo tuyaache.

Mungu wa radi amepiga goti moja, duara la ngoma ndogo limemzunguka mgongoni, virungu mikononi. Mwenzake wa upepo ameubeba mfuko wake mabegani kama mchukuzi. Vimo vyao ni kama mita moja tu, na bado ndio wenye nguvu kuliko wote ukumbini. Katika karne ya 17 mchoraji Tawaraya Sotatsu aliwachora wawili hawa kwenye skrini mbili za dhahabu, akamfanya wa radi mweupe na wa upepo kijani, akawasukuma hadi kwenye kingo kabisa za picha na kuacha katikati patupu. Skrini hizo ni za hekalu la Kenninji, na zimewekwa amana katika Makumbusho ya Taifa ya Kyoto, ambayo iko ng'ambo ya barabara kutoka hapa. Hazionyeshwi kila siku. Nakala yake iko Kenninji na inatosha kwa kulinganisha. Ukiwa umetoka kuwaona wa mbao, unaona mara moja mchoraji alichukua nini na aliacha nini: goti, misuli na kicheko amechukua, uzito ameuacha.

Sasa nimpe haki yake Kannon aliyeketi katikati, maana nimekuwa nikisema madaraja ya juu yanamfunga fundi. Huyu ni kazi ya Tankei, mtoto wa Unkei, alimaliza 1254 akiwa na miaka 82. Kimo ni zaidi ya mita tatu, bila kuhesabu kiti cha yungiyungi na duara la nuru. Kanuni zote zimefuatwa: vichwa 11, mikono ileile, vifaa vilevile. Lakini tazama jinsi mikono inavyotoka mgongoni. Kwenye sanamu nyingi za namna hii mikono inaonekana imebandikwa, na kwa kweli imebandikwa. Kwa Tankei inafunguka kama inatoka kwenye bega moja, ile ya nyuma ikijificha nyuma ya ya mbele kwa zamu, na uso uko shwari kabisa katikati ya shughuli yote hiyo. Mzee alikuwa amefungwa kamba maisha yake yote na akajifunza kucheza ndani yake. Nampa heshima zake. Lakini nikiambiwa nichague kipande kimoja cha kukaa nacho chumbani, nachukua Basu.

Na kanuni yangu haina maana kwamba daraja la nne ni la vitisho tu. Katika wale 28 yumo Ashura, nyuso tatu, mikono sita, mkali kama anavyotarajiwa mungu wa vita. Panda treni hadi Nara ukamtazame Ashura wa hekalu la Kofukuji, wa 734. Alama zilezile, nyuso tatu na mikono sita, ila ni kijana mwembamba aliyekunja nyusi kidogo kama mtu aliyekumbuka jambo la kuumiza. Huyo hata si wa mbao: ni vitambaa vilivyolowekwa utomvu wa urushi na kubandikwa juu ya umbo la udongo, udongo ukatolewa baadaye, akabaki mwepesi na mtupu ndani, na kiunzi cha mbao kikawekwa kumshikilia. Mungu yuleyule, mafundi wawili waliotengana karne tano, na hakuna kitabu cha kanuni kilichowazuia. Nyorai asingewahi kupata tofauti kubwa kiasi hicho.

Kuhusu huduma. Picha haziruhusiwi ndani, na mimi naunga mkono. Watu wanatazama kwa macho yao, na foleni inatembea. Mbele ya wale 28 kuna vibao vya majina, kwa hiyo huhitaji kukodi mtu wa kukuelezea. Mwanga ni hafifu kwa makusudi. Chukua darubini ndogo ya mkononi: bila hiyo macho ya fuwele utayaona yaking'aa tu, lakini ile mishipa ya pembeni hutaiona. Nenda mlango unapofunguliwa, kabla mabasi ya wanafunzi hayajafika. Kutoka kituo cha Shichijo ni mwendo mfupi kwa miguu.

Elfu zenyewe ziko katika hali nzuri isiyo ya kawaida. Ukarabati wa Kannon waliosimama ulichukua miaka 45 na kumalizika 2017, na mwaka uliofuata sanamu zote 1,001 zikatangazwa Hazina ya Taifa. Walichofanya zaidi ni kuondoa vumbi na kurudishia dhahabu iliyokuwa ikibanduka. Hawakuzipaka upya zikawaka, na kwa hilo wamenifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu nimeona samani za kale zilizouawa na kopo moja la vanishi.

Ukizunguka nyuma ya safu kuna korido yenye maelezo ya mashindano ya kale ya kupiga mishale kwenye baraza ya magharibi, kutoka ncha hadi ncha. Mwaka 1686 Wasa Daihachiro alirusha mishale 13,053 kwa usiku na mchana mmoja, na 8,133 ikafika. Haihusiani na miungu, lakini usiipite.

Tahadhari moja ya pochi. Karibu na mahekalu ya Kyoto yapo maduka ya sanamu ndogo za kumbukumbu, na ubora unapishana sana. Katika duka moja, ambalo silitaji, nusura niuziwe kwa maneno matamu sanamu iliyoandikwa Yakushi, huku imevaa taji, mkufu na bangili na haina kijungu cha dawa. Huyo ni Bosatsu fulani aliyepachikwa jina lisilo lake. Sikununua. Kabla ya kutoa pesa uliza maswali matatu: kavaa vito au hana, kashika nini, na kakalia au kakanyaga nini. Muuzaji anayeijua kazi yake atakujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Nyota: tano kwa wale 28 na wale wawili wa mawinguni, tano kwa Tankei, nne kwa elfu kwa jumla, kwa sababu mafundi walikuwa wengi na mikono haikuwa sawa, na ukitembea taratibu utaanza kuona ni nani aliyekuwa na haraka. Tenga saa mbili. Nusu saa wanayoitoa ziara za basi haitoshi hata kwa safu ya mbele.